Alinyolewa na Nani? Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kuandika Watu Walio Hai

Mwanangu alikuwa ananing'inia kwenye mizani ya kliniki, miguu inapiga hewa, nesi anajaza kadi, ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Niliusoma palepale.

"Dada, tusigombane. Tuweke pande zote mbili. Tuandike kwamba wapo wanaosema alinyolewa, na kwamba mwenyewe anakanusha. Hapo tutakuwa tumewatendea haki wote."

Siku tisa nilikuwa nimevumilia. Siku tisa nafuta sentensi moja, inarudishwa. Nafuta, inarudishwa. Naeleza kwa adabu, najibiwa kwa adabu. Pale kwenye mizani adabu ikaniishia.

"Alinyolewa na nani?" nilifoka. "Nani alimnyoa? Wapi? Nani aliona?"

Nilikuwa naifokea simu. Lakini foleni nzima ya akina mama iligeuka, nesi akasimamisha kalamu, mwanangu akaanza kulia, na mama mmoja wa benchi la mbele akasema taratibu, kama anayenihurumia:

"Ni yule refa wa kijiji cha Mbingu, eti? Kumbe na wewe umesikia."

"Sijasikia chochote!"

"Si imeandikwa," akadakia mwenzake. "Binti yangu wa sekondari kanisomea kwenye simu. Iko kwenye kamusi ile wanayotolea majibu ya shule."

Nikamng'oa mwanangu kwenye mizani, nikamfunga mgongoni vibaya, nikaondoka. Nesi alinikimbilia mpaka getini. "Mama Neema! Kadi! Hata kilo hujauliza!"

Basi wadogo zangu mnaopokea klabu yetu, naanza na siku ile ili mnijue kabla hamjanisikiliza. Nina hasira za karibu. Nimesoma mpaka kidato cha nne, sikuendelea. Nafanya kazi steshenari, hapa Ifakara karibu na stendi: nachapa barua, natoa kopi, napiga laminesheni vyeti. Na kwa miaka saba, bila kulipwa na mtu, nimeandika na kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kufungua na kuandika. Sasa nastaafu. Msicheke. Najua sijafika hata miaka thelathini. Lakini mtoto wa pili yuko njiani, na kazi hii inataka mtu anayeweza kusoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuitwa jikoni. Nimewaachia laptopu ya klabu, chaja yake inayoshikwa na mpira, na maneno haya.

Hiyo sentensi iliyonifanya nifoke nitaifikia. Kwanza niwaambie jinsi nilivyomuua mtu.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza. Niliandika makala ya mzee mmoja wa Mlimba, mpiga gita, aliyewahi kuvuma na bendi yake enzi za wazazi wetu. Mtu wa pale stendi akaniambia, "Yule? Yule alishafariki." Mimi nikaweka neno "marehemu", nikaweka "alifariki", nikaona hata makala imekaa vizuri, imepata mwisho. Wiki mbili baadaye simu ya steshenari ikaita.

"Naomba kuongea na aliyeniua," sauti ikasema.

"Nani mwenzangu?"

"Marehemu wa Mlimba."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaona? Marehemu anaitikia."

Alicheka, Mungu ambariki. Lakini alivyomaliza kucheka akaniambia kwamba binti yake aliyeolewa mbali ndiye aliyeisoma, akalia saa nzima kwa sababu baba hakuwa anapokea simu. Alikuwa shambani kwenye mpunga. Saa nzima ya mtoto wa mtu, kwa neno la mtu wa stendi ambaye hata jina lake sikulijua.

Aliyenianzishia kazi hii ni Mwalimu Gaspari, mwalimu mstaafu wa jiografia. Klabu ni yake, sisi wengine tuliikuta. Kabla ya bando kuwa rahisi alikuwa anatupeleka kwenye chumba cha kompyuta cha rafiki yake, mmoja anachapa, wanne wanasoma begani, na tukimaliza anatuuliza kila sentensi: "Hii umeitoa wapi?" Ukijibu "inajulikana kwamba", anakukata. "Inajulikana ndiyo nani? Ana simu?"

Baada ya kisa cha mpiga gita hakunigombeza. Aliniketisha akaniambia: "Skola, ukiandika kwamba Mto Kilombero una upana huu, ukakosea, mto hausomi. Unaweza kuweka alama kwamba chanzo kinahitajika, ukaenda kulala, mwenzako akaleta chanzo mwezi ujao. Mtu aliye hai anasoma. Watoto wake wanasoma. Anayemdai ugomvi anasoma pia. Kwa mtu aliye hai hatuweki alama tukasubiri. Jambo la kumchafua lisipokuwa na chanzo cha kueleweka, linatoka sasa hivi, kisha ndiyo tunajadiliana."

Nililiandika kwenye daftari. Nikalipigia mstari. Na bado nilikuja kulikosea, kwa sababu nilidhani neno la kumchafua mtu litakuja limevaa sura ya tusi. Halivai.

Sasa refa. Hapa nitamwita Leokadia. Siyo jina lake, nilimwomba ruhusa ya kubadilisha, akasema, "Niite Leokadia, nilikuwa nalionea wivu tangu kipaimara." Ni mama wa makamo aliyezidi kidogo, mjane, anaishi peke yake Mbingu. Alichezesha mpira wa wanaume miaka ambayo mwanamke akishika filimbi watu walijaa uwanjani kuja kumzomea, akapanda ngazi mpaka mechi kubwa za kitaifa, na sasa anafundisha timu ya wasichana wa kijiji bila malipo. Nilipogundua kwamba hana makala hata mstari mmoja, nikaapa nitaiandika mimi.

Na niliifanya kazi ile kwa jasho, hilo nijisifu. Nyumbani kwake kulikuwa na kipande cha gazeti nyuma ya fremu ya picha, kinamsifu aya nne nzima. Nikakifurahia kama nimeokota almasi. Nikakipeleka kwa Mwalimu Gaspari.

"Gazeti gani?" akauliza.

"Limekatwa juu."

"Tarehe?"

"Imekatwa pia. Walikuwa wanaipima iingie kwenye fremu."

"Basi hiyo ni karatasi ya kufungia vitumbua iliyobahatika."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kutafuta gazeti lenyewe. Nilimpata mzee aliyehifadhi magazeti ya zamani kwenye sanduku la bati, tukafunua moja moja, panya wametangulia, mpaka tukaipata habari ileile ikiwa na jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Hiyo ndiyo kazi, wadogo zangu. Siku hizi mnayo programu kwenye simu inayowaandikia aya nzima mkipepesa jicho. Iulizeni nayo: gazeti gani, tarehe ipi, ukurasa wa ngapi? Halafu mfungue wenyewe mkaone kama huo ukurasa upo. Mimi imeshanipa ukurasa wa gazeti ambalo halijawahi kuchapwa, kwa Kiswahili safi kabisa, bila hata aibu.

Makala ilitoka nzuri. Ilikaa mwaka na zaidi, haina shida. Halafu siku moja nikaikuta ina sentensi mpya: "Baada ya kifo cha mume wake alituhumiwa uchawi na kunyolewa." Mbele yake kuna kanamba ka chanzo, na chanzo ni blogu.

Asiyekulia bonde hili lazima aelezwe. Upande huu wetu, na ng'ambo kule Ulanga na Mahenge, mtu akishasemwa kwamba ni mchawi, ndugu au majirani humpeleka kwa mganga akanyolewe nywele, eti uchawi umtoke. Anarudi na kichwa cheupe, wanasema yameisha. Hayaishi. Kwa hiyo hapa ukisema "fulani alinyolewa", ukanyamaza hapo, hujazungumzia nywele. Umemtaja mtu kwa jambo ambalo hata akiishi miaka arobaini mbele, watoto watavuka barabara wakimwona. Na akiwa mama mjane anayeishi peke yake, anaweza kufanyiwa mabaya zaidi ya hayo.

Nikaifuta. Ikarudishwa na mkabidhi. Mkabidhi ni mhariri aliyepewa funguo: anaweza kulinda ukurasa, kumzuia mtu, kuficha maandishi. Huyu anaishi pwani, hatujawahi kuonana, na kwa haki niseme ni mchapakazi. Aliandika: "Dada, usifute kitu chenye chanzo." Nikamjibu kwamba blogu ya mtu asiyeweka hata jina lake siyo chanzo. Akajibu kwamba vyanzo vya bonde letu ni vichache, tusiwe wakali sana. Nikamjibu kwamba uchache wa vyanzo unafupisha makala, hauleti ruhusa ya kuokoteza. Nilidhani hapo nimemmaliza. Akairudisha. Siku tisa tukaenda hivyo, mpaka zikafika zile pande mbili zake na mimi nikafoka kliniki, mbele ya watu, na kwa kufoka kwangu nikawapa habari hata waliokuwa hawana. Mpaka narudi nyumbani, jirani yangu alikuwa ameshaipata, imenenepa njiani: sasa refa alikuwa amenyolewa mara mbili.

Nilikwenda kwa Mwalimu Gaspari hasira hazijapoa. Nilitaka anisaidie kumtukana mtu kwa lugha ya kiofisi. Yeye akavaa miwani.

"Umefungua historia ya makala?"

"Nimeiona. Sentensi iliongezwa na mgeni asiye na jina."

"Hiyo ni sentensi. Mimi naulizia neno. Nenda mwanzo kabisa, neno 'nyolewa' liliingia lini?"

Kila makala ina historia yake, mnaijua, kila badiliko limehifadhiwa na jina la aliyelifanya. Nikashuka, nikashuka, nikafika chini kabisa, toleo la kwanza la makala. Lilikuwepo: "Akafiwa na mume, akanyolewa, na muda si mrefu akarudi uwanjani na filimbi yake." Hakuna kanamba ka chanzo. Jina la mhariri: Binti Miwa.

Binti Miwa ni mimi.

Mimi ni mtoto wa mashamba ya miwa. Baba alikuja kukata miwa kutoka mbali, mama naye kutoka mbali kwingine, na mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na kabila lake na dini yake. Kwetu mtu akinyolewa, amekwenda kwa kinyozi, au amefiwa. Niliolewa huku nikiwa mkubwa. Siku nilipokwenda Mbingu kupiga picha, jirani mmoja wa Leokadia alinisimulia kwamba mama yule alipofiwa walimnyoa nywele za msiba, na kabla hazijaota akarudi kuchezesha. Mimi nikaiona ile picha: refa, kichwa kitupu, jua linawaka, filimbi mdomoni. Nikaipenda. Niliipenda hiyo sentensi kuliko nilivyompenda mwenye kichwa. Sikuuliza mtu wa pili. Sikutafuta chanzo. Mwalimu Gaspari naye aliipitia makala akakagua tarehe zote na mechi zote. Pale akapita, kwa sababu na yeye ni mtu wa kuja.

Tukafungua ile blogu. Imeandikwa miezi mingi baada ya makala yangu. Mwenye blogu anaandika mila za makabila, hakuwa na jipya hata moja: alichukua sentensi yangu, akaieleza kwa wasomaji wake kwamba kunyolewa huku kwetu maana yake ni hivi na hivi, kwa hiyo mama huyu alituhumiwa. Halafu mgeni akaichukua blogu akaileta kwenye makala kama ushahidi. Neno langu limetoka nyumbani, limekwenda kuvaa suti, limerudi kujitolea ushahidi lenyewe.

Nikalia. Mwalimu Gaspari akaniacha nilie, kisha akasema, "Mkabidhi ana kosa lake. Lakini huendi kumshtaki kabla hujafika Mbingu."

Nilikwenda kesho yake na mtoto. Nilimkuta Leokadia uwanjani, anachora mistari kwa majivu ya pumba za mpunga, ndoo mkononi, kofia ya kanisani kichwani. Wasichana saba walikuwa wanapasiana mpira. Nilipokuja kupiga picha walikuwa kumi na sita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemleta mtoto jua lote hili?"

"Nimekuja kuungama."

"Kwani mimi padri? Subiri nimalize kona."

Akamaliza kona. Nikamweleza yote tumesimama. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye jina la Binti Miwa akaweka ndoo chini.

"Kwa hiyo ni lako."

"Neno ni langu. Mengine wameongeza."

"Nani alikwambia nilinyolewa?"

"Jirani yako. Alisema nywele za msiba."

"Hizo nilinyoa. Alininyoa wifi yangu kwa wembe, analia kuliko mimi. *Nilinyoa*, umesikia? Hapa huwezi kusema 'alinyolewa' ukaweka nukta." Akawatazama wale wasichana saba. "Wazazi hawajaja kunigombeza. Ningeweza kuwajibu. Wanasema tu, madam, mtoto ana kazi nyumbani. Kijiji kizima kimepata kazi nyumbani kwa wiki moja."

Nikamkaza mtoto mgongoni.

"Sasa andika ukweli," akaniambia. "Andika kwamba nimekwambia mimi mwenyewe, mimi ndiye niliyekuwa chini ya wembe."

"Siwezi, mama. Mazungumzo yetu hapa hayawezi kukaguliwa na mtu mwingine. Siyo chanzo."

Hapo ndipo alipowaka. "Ngoja. Mtu wa blogu, hana jina, hata Kivukoni pale mtoni labda hajawahi kukanyaga, huyo chanzo. Mimi mwenye kichwa, siyo chanzo?"

"Na yeye siyo chanzo, mama. Wote wawili siyo."

"Nikikanusha je? Nikaenda redioni nikakanusha?"

"Wataandika kwamba umekanusha."

"Na neno litabaki."

"Litabaki, kwa chanzo kizuri zaidi."

Alifuta majivu mikononi kwa kitenge. Kisha akasema maneno ambayo naomba myakate myabandike ukutani pale klabu. "Basi sikanushi. Nakanusha nini? Mshika kibendera akinyanyua kibendera, yeye ndiye ananiambia ameona nini. Siendi kumwuliza mchezaji athibitishe kwamba hakuotea."

Miaka saba ya kusoma kanuni, sijaisikia ikisemwa vizuri hivyo. Anayeandika ndiye anayeleta ushahidi. Anayeandikwa hadaiwi kitu.

Nilimwambia ninataka kumlipua yule mkabidhi kwenye ukurasa wa majadiliano, wote waone. Akanitazama kama aliyeona rafu ya kitoto.

"Utapata kadi, na goli halitarudi. Sisi timu ikiwa na lalamiko haipigi kelele uwanjani, inaandika. Umewahi kuona ripoti ya mchezo?" Akaingia ndani akatoka na daftari. Ripoti zake za miaka yote, mwandiko umesimama wima kama askari. "Dakika ya ngapi. Jezi namba ngapi. Nimeona nini kwa macho yangu. Nimechukua hatua gani. Na nikikosea mimi, naandika nimekosea mimi, kabla kamisaa anayesimamia mchezo hajaniandikia. Humu ndani tafuta neno 'inasemekana'. Ukilikuta nakupa kuku."

Nilitafuta. Sikula kuku.

Tuliandika malalamiko palepale, barazani kwake, mtoto amelala juu ya jezi. Kila nilipoweka neno la hasira alikuwa ananigonga na kalamu: "Hilo umeliona au umelihisi?" Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Ya mwisho mnaiona hapa chini.

Niwaambie yaliyofuata, msije mkadhani kazi hii ni ya kulia tu. Mkabidhi alinipigia siku ya pili. Namba nilikuwa nimemwekea. "Dada, sikujua," akasema. "Huku kwetu kunyolewa ni kunyolewa." Nikamwambia hata mimi sikujua, ndiyo maana tumefika hapa. Sentensi ilitolewa, matoleo ya zamani yakafichwa, na wakabidhi wakakubaliana kwamba blogu isiyo na jina la mwandishi haitatumika tena kwa jambo lolote linalomhusu mtu aliye hai, liwe baya au zuri. Mwenye blogu hakujibu barua yangu, lakini aya ile aliitoa kimyakimya. Mbingu, wasichana walianza kurudi mmoja mmoja. Baba wa golikipa alimleta binti yake mwenyewe. Hakuomba radhi, alishusha gunia la pumba pembeni ya uwanja akaondoka. Mara ya mwisho kuwahesabu walikuwa kumi na watatu. Wengine bado wana kazi nyumbani. Neno likishatoka halirudi lote, na mimi nitaishi na hao watatu.

Lakini kumi na watatu ni timu, na ina wachezaji wa akiba.

Kwa hiyo andikeni. Msije mkaogopa mkabaki na mito na milima. Watu wa bonde hili wamefanya mambo makubwa na wako hai, wanastahili kusomwa wangali wanasikia. Ila mkiipenda sana sentensi, isimamisheni mlangoni muiulize imetoka wapi. Na mkiwa hamjakulia mahali, mwulizeni aliyekulia pale neno hilo linasikika vipi, siyo maana yake tu kwenye kamusi.

Malalamiko ni haya, kama yalivyopelekwa, ila jina la mama nimelibadilisha.

Kwa Wakabidhi wote,
Kamusi elezo ya Kiswahili.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SENTENSI MOJA KATIKA MAKALA YA MWAMUZI LEOKADIA, AMBAYE YU HAI

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Makala hiyo ina sentensi inayosema kwamba mwamuzi huyo alituhumiwa uchawi na kunyolewa. Chanzo kilichowekwa ni blogu isiyo na jina la mwandishi. Blogu hiyo iliandikwa baada ya makala yetu, na haina habari yoyote juu ya jambo hilo isipokuwa ile iliyoitoa kwetu. Tarehe zote mbili ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuzikagua. Kwa hiyo kamusi inajitolea ushahidi yenyewe.

Nimeiondoa sentensi hiyo mara saba. Mkabidhi mmoja ameirudisha mara saba, kisha akapendekeza tuandike kwamba mhusika anakanusha. Pendekezo hilo silikubali. Mhusika hajatuhumiwa na chanzo chochote, kwa hiyo hana cha kukanusha, na kuandika kwamba anakanusha ni kuitunza tuhuma ndani ya makala yake maisha yake yote.

Katika bonde la Kilombero neno "alinyolewa" likiachwa peke yake lina maana ya kumtaja mtu kuwa mchawi. Nimefika Mbingu nikaona kwa macho yangu: timu anayoifundisha ilikuwa na wasichana kumi na sita, sasa ina saba.

Neno hilo liliingizwa katika makala na mhariri Binti Miwa, katika toleo la kwanza kabisa, kwa kusikia, bila chanzo, na bila kujua maana yake mahali hapo. Blogu na mgeni aliyeongeza sentensi walianzia hapo.

Naomba sentensi iondolewe leo, kabla ya majadiliano yoyote, na majadiliano yafuate baadaye kama kuna mwenye chanzo. Naomba matoleo yote ya zamani yenye neno hilo yafichwe. Naomba mkabidhi aliyeirudisha aelezwe kanuni ya watu walio hai. Siombi anyang'anywe funguo. Naomba mhariri Binti Miwa azuiwe kuigusa makala hiyo moja kwa moja, na kila anachotaka kuongeza apeleke kwenye ukurasa wa majadiliano kikaguliwe na mwingine.

Malalamiko haya amesomewa mwamuzi mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno. Ameagiza iongezwe sentensi moja, nami naiandika kama alivyoisema: "Mkiwa hamna uhakika juu yangu, andikeni machache, hayo machache yanatosha, nimeyafanya kweli."

Wenu katika kazi,

Skolastika, steshenari ya stendi, Ifakara,
mlalamikaji, na kwa jina la Binti Miwa, mlalamikiwa wa kwanza.